Bunduki ya askari wa Tanga: niing'arishe kwanza?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi mtu wa Muheza, naishi Minneapolis. Babu yake babu alikuwa askari wa Mjerumani, na tangu utotoni naota kumiliki bunduki kama aliyoibeba. Sasa nimeiona mnadani, Mauser ya modeli 71, yaani bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871. Ina kutu na mti umechakaa, lakini muuzaji ana karatasi inayosema ilipigana Tanga mwaka 1914. Nikiinunua, niing'arishe na kuitia rangi upya ipande bei? Na je, naweza kuifyatua?

JIBU: Marahaba. Msasa uuache dukani.

Swali hili la kung'arisha limenichosha, maana mara nyingi linaletwa pamoja na bunduki iliyokwisha kung'arishwa, na mwenyewe anangoja nimpongeze. Kuna mtu alinifungulia blanketi mezani, ndani mna 71 ya urithi. Fundi fulani alikuwa ameipitisha kwenye gurudumu la kung'arishia, kisha akaitumbukiza kwenye dawa ya kutia weusi. Ilimetameta kama sufuria ya harusi. Nikachukua lensi. Chapa ya taji imebaki kama alama ya kucha kwenye sabuni. Matundu ya skrubu yamebonyea kama visahani, na kona zote zilizokuwa kali zimekuwa duara. Kitako kimepigwa msasa mpaka mihuri ikaondoka na vumbi lake. Na hiyo ilikuwa bunduki yenye namba zinazolingana hadi kwenye skrubu, kwa sababu viwanda vya Kijerumani vilipiga namba karibu kila kipande. Alilipia kazi hiyo, na mkusanyaji yeyote angemkata bei kwa sababu ya kazi hiyo hiyo.

Mkusanyaji analipia ngozi ya zamani: rangi ya kiwanda hata ikibaki robo, kona kali, chapa zinazosomeka. Vikishaondoka, hakuna dawa ya kuvirudisha. Wanaofundisha kwenye video kwamba siki na brashi ya waya vinafufua bunduki ya miaka mia na arobaini, sijui wanamfundisha nani.

Kutu si moja. Ile nyekundu ya unga inakula chuma, iondoe. Ile nyeusi au ya kahawia iliyotulia inakilinda, iache. Paka mafuta mepesi, ngoja siku mbili tatu, kisha kwangua taratibu kwa ukingo wa sarafu ya shaba. Senti ya Marekani ya kabla ya 1982 inafaa, shaba yake ni asilimia 95, laini kuliko chuma. Futa, paka tena. Penye kutu nyingi, fundi anayejua anaifungua yote na kuchemsha chuma kwenye maji yaliyotoneshwa (yale ya kuongezea betri, si asidi), kutu nyekundu ikageuka nyeusi, kisha anapangusa kwa brashi laini. Chuma chenyewe hakikwanguliwi. Mti unatosha kwa kitambaa na mafuta kidogo ya linsidi (ya mbegu za kitani).

Kuifyatua? Kabla fundi hajaipima, hapana. Hii ni bunduki ya milimita 11 iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi, gramu 5 hivi nyuma ya kichwa cha risasi cha gramu 25. Bolti yake, komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu, inashikwa mahali pamoja tu. Ukiitilia baruti ya kisasa isiyo na moshi, ujue uso wako uko wapi wakati huo. Hata ikiwa nzima, itakushangaza: haina kitu cha kurusha ganda nje. Unavuta bolti, ganda linakaa palepale, unainamisha bunduki upande lidondoke, ndipo utie jingine kwa mkono. Babu yako, kama alibeba hii, alifanya hivyo kila risasi, huku wingu la moshi mweupe likimwonyesha adui alipo.

Sasa karatasi. Hapa ndipo watu wanapoibiwa. Ni kweli askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na 71 vita vilipoanza. Lakini bunduki hizi zilitengenezwa kwa mamia ya maelfu Ulaya, na jeshi la Ujerumani lilipohamia modeli 88 nyingi zikawa mali ya kuuzwa. Zilizokuwa Tanganyika hazikutunzwa kwa ajili yetu. Waliposhindwa vitani Tanga, Novemba 1914, Waingereza waliacha mamia ya bunduki za kisasa, nazo zikapewa askari wa Mjerumani. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens ikaleta nyingine ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Majeshi ya Mjerumani yalipojisalimisha Abercorn (leo Mbala, Zambia), Novemba 1918, wengi walikuwa na bunduki walizoteka kwa Mwingereza na Mreno. Kwa hiyo 71 yenye ushahidi wa kweli ni adimu mno, na palipo na uadimu pana mtu mwenye nyundo na herufi za chuma.

Chapa ya uongo inajisema yenyewe ukitulia. Weka lensi, mwanga uje kwa upande. Herufi ya zamani ina weusi uleule ndani na nje, na kingo zake zimelainika kwa kushikwashikwa. Ya juzi ina kingo zilizovimba, na chini yake chuma ni cheupe, au kuna weusi wa dawa usiofanana na wa jirani. Herufi ikikanyaga juu ya shimo la kutu, basi kutu ilitangulia. Nimeona hivyo kwenye Mauser, kwenye bastola za Luger, kwenye visu vya bunduki. Karatasi isiyotaja namba ya bunduki ni karatasi tu.

Kwa sheria ya shirikisho, bunduki iliyotengenezwa hadi 1898 haihesabiwi pamoja na za kawaida, ila jimbo lako lina lake, uliza. Na usiichomeke kwenye kontena la mizigo ya Muheza. Tanzania ni kibali kwanza.

Kabla ya kulipa nipigie picha ubavu wa kushoto pale panapoandikwa I.G. Mod. 71, vichwa vya skrubu, na namba ya bolti kando ya namba ya mtutu. Usiifute kwanza.