Kutoa maoni kwenye rasimu ya sera ya usafiri

Ndugu, nimekuelewa: serikali inakusanya maoni kuhusu usalama wa usafiri, kikundi chenu kinasafirisha watu wenye ulemavu, na hujui uanzie wapi. Isomeni rasimu yenyewe, si muhtasari wake. Tafuteni kifungu kinachowagusa, mtaje namba yake na mwonyeshe kitakachotokea: ngazi ikiwa juu kiasi hiki, mwenye kiti cha magurudumu hapandi. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoishia kulalamika tu, andikeni maneno mnayotaka yawekwe badala yake. Barua moja yenye mfano halisi ina uzito kuliko nakala mia zinazofanana. Tumeni kabla ya siku ya mwisho, mbaki na uthibitisho wa kupokelewa. Msitaje majina wala maradhi ya abiria. Maoni huweza kuchapishwa. Kifungu kikigusa leseni au mkataba wenu, mwoneni wakili kwanza.