Kabla hujamwekea mtoto hizo video, soma haya

Dada, simama hapo hapo. Mtoto ana miezi 7, nawe unauliza video gani zitamfundisha herufi na namba, midoli ipi ununue, na lugha ya pili aanze lini? Njia hiyo nimeshaipita, nikatoka na aibu.

Wangu wa kwanza nilimkalisha mbele ya skrini tangu ana miezi 6. Muuzaji aliniambia, uso mkavu, kwamba ubongo wa mtoto ni sponji. Sponji! Nikalipia kozi nzima. Asubuhi na jioni namfunga mkanda kwenye kiti chake, mimi naenda kuosha vyombo, najiona mzazi wa kisasa. Mwaka mzima. Alikuwa anatazama kimya, hata kupepesa hapepesi, nami naandika kwenye daftari: "Anazingatia sana." Kumbe kaduwaa tu. Alipofika miezi 18, aliyezijua nyimbo zote za kwenye video ni mimi. Yeye alikuwa na maneno mawili, yote kayatoa kwa bibi yake, maana bibi ndiye aliyekuwa akipiga naye soga.

Baadaye ndipo nikakutana na utafiti wa mwaka 2003 wa Patricia Kuhl, mwanasayansi anayechunguza watoto wanavyojifunza lugha. Watoto wa Marekani wa miezi 9 walisikilizishwa Kichina vikao 12. Waliosomewa na kuchezewa na mtu aliyekaa nao chini walizishika sauti za Kichina. Waliowekewa video ya wasemaji wale wale hawakuambulia kitu. Na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aliye chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Yule muuzaji na sponji yake, natamani nimkamue.

Shika hili moja: mtoto afundishwe na anayemjibu. Akisema "ba", nawe mwambie "ba", kisha nyamaza umtazame. Ni zamu yake. Akiangusha kijiko mara ya kumi na tano, usimnyang'anye kama nilivyofanya mimi. Anachunguza kinaangukia wapi, kinaliaje, na wewe utachemka saa ngapi. Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza akili za watoto, alijaza vitabu kwa kuwatazama wanawe watatu wakifanya vituko vya namna hiyo.

Midoli uliuliza nini vile? Mpe kijiko.

Wa pili hajawekewa video hata moja. Juzi kakiachia kijiko, akanikazia macho, akasema "pa!" kabla hakijagonga sakafu.