Jibu: Je, kompyuta ndiyo itaamua nani ampe mdogo wangu figo?

Dada wa Mafinga, hapana, usihangaike na hilo. Kwetu mtoaji ni ndugu aliye hai, na anayefaa anajulikana kwa vipimo vya damu na tishu. Hospitali ya Muhimbili walianza kupandikiza figo 2017, ile ya Benjamin Mkapa pale Dodoma 2018.

Hiyo akili mnemba (AI) uliyoisikia inafanyiwa utafiti kwenye mambo mengine. Uingereza kuna mradi wa OrQA: kompyuta inafundishwa kutazama picha ya figo au ini la marehemu na kupima ubora wake, kazi ambayo daktari mpasuaji huifanya kwa macho, pengine usiku wa manane. Watafiti wa Paris nao walitoa programu ya iBox mwaka 2019, kwa data za wagonjwa zaidi ya 7,000. Inakadiria uwezekano wa figo iliyopandikizwa kudumu, ikiangalia uchujaji wa damu, protini kwenye mkojo, kingamwili (kinga za mwili zinazoweza kuishambulia figo hiyo) na kipande kidogo cha figo kilichokatwa kupimwa.

Mimi naipenda hii ya pili. Kaka yangu hapa Uyole alishapandikizwa. Ana daftari la kaunta, kila kliniki anaandika kreatinini, yaani taka ya damu ambayo figo huichuja, ikipanda anatumia kalamu nyekundu. Si hesabu za Paris, lakini daktari huliomba kabla hata hajamsalimia. Mdogo wako asitupe karatasi ya majibu hata moja.