Lee ni kinga, sasa mbona nahodha anaikimbia lee shore?

Ndugu, unasema kamusi inakupa neno la Kiingereza "lee" kuwa hifadhi, lakini katika hadithi unayoitafsiri nahodha anaikimbia "lee shore" kama kaona jini. Kamusi haijakudanganya. Jiulize tu: kinga ya nani, na umesimama wapi?

Lee ni upande usiopigwa na upepo. "In the lee of the island" maana yake kisiwa kimekukinga, tia nanga upumzike. Kwenye chombo chenyewe, lee ni upande wa demani, na ule unaopokea upepo ni wa goshi. Mabaharia wetu wanayo maneno haya tangu zamani, yatumie bila woga.

Lee shore, sasa, huhesabiwa kutoka chomboni. Ni pwani iliyo upande wa demani, yaani upepo unakusukumia huko huko. Meli ya Royal Charter iliponaswa na dhoruba karibu na kisiwa cha Anglesey, Wales, Oktoba 1859, ilitia nanga ili isisukumwe ufukweni. Minyororo ikakatika, meli ikapasukia mwambani. Walikufa watu zaidi ya 400. Kwa hiyo "pwani yenye hifadhi" ifute. Andika "pwani inayoelekewa na upepo", au "pwani ya demani" kama wasomaji wako ni watu wa bahari.

Leeway ni chombo kusukumwa kimshazari kuelekea demani. Ofisini ni nafasi ya kujiamulia. Na leeward, yaani kuelekea demani, mabaharia Waingereza hulitamka karibu na "luad".