"In lieu of": notisi ipo au haipo?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepokea barua ya kusitishiwa ajira iliyoandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake imo ahadi ya kulipwa "one month's salary in lieu of notice". Mwenzangu mmoja anasema nitumikie kwanza mwezi wa notisi ndipo nilipwe. Mwingine anasema nisirudi kazini. Tena nimewaona watu wakiandika "in lieu of" kwa maana ya "kwa kuzingatia". Yupi tumfuate?

JIBU: Mwenzako wa pili ndiye aliyesoma vizuri. "In lieu of" ni "badala ya", wala si "pamoja na" au "kwa ajili ya". Barua inasema kwamba mwezi wa notisi hutautumikia, na mshahara wa mwezi huo umeshika nafasi yake. Kwa hiyo ajira yako inakoma siku iliyotajwa katika barua.

Neno "lieu" ni la Kifaransa, lenye asili ya Kilatini, na maana yake ni "mahali". Ndilo lililomo pia katika cheo cha jeshini tunachokiita luteni, ambacho kwa asili humtaja mtu anayeshika mahali pa mkubwa wake. "Instead" nayo imejengwa vivyo hivyo, kwa kuwa "stead" ni neno la kale la Kiingereza lenye maana hiyohiyo ya mahali. Tofauti ya ndugu hawa wawili ni mavazi tu: "instead of" huingia popote, ilhali "in lieu of" makazi yake ni mikataba, barua za ofisini na matangazo rasmi, kama yale ya misiba ambamo wafiwa huomba michango kwa shirika la hisani badala ya maua. Mtu anayesema amepanda basi "in lieu of" teksi amevaa joho kwenda kituoni.

Hao wanaoitumia kwa maana ya "kwa kuzingatia" wamekosea, na nadhani kinachowaponza ni sikio, kwa sababu "lieu" hutamkwa lu au lyu, karibu sana na "view". Tazama sentensi hii: "In lieu of the heavy rain, the meeting was postponed." Ukiisoma ilivyo, mvua haikunyesha, na mahali pake kumekuja kuahirishwa kwa mkutano! Mwandishi alitaka "in view of".

Isichanganywe pia na "on behalf of", yaani "kwa niaba ya". Anayetia saini kwa niaba ya meneja hajachukua nafasi ya meneja. Ametumwa naye tu.

Wakati mwingine utaikuta "in lieu" peke yake, bila "of", mwishoni mwa maelezo: "a day off in lieu" ni siku ya mapumziko unayopewa kufidia siku ya mapumziko uliyofanya kazi. Kilichofidiwa hakitajwi kwa sababu kinafahamika.

Nashuku mwenzako wa kwanza alipotoshwa na tafsiri ya mkato, "mshahara wa notisi", ambayo inaweza kueleweka kuwa ni malipo ya mwezi utakaoutumikia. Tafsiri isiyo na utata ni "mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi".