Jiko jipya kabla ya kuuza nyumba?

Dada, umeuliza kama utoe milioni 8 kubomoa jiko la nyumba yako ya Kimara na kuweka makabati mapya na graniti kabla ya kuiuza. Mimi nisingezitoa. Mnunuzi ana ladha yake, na wengi hung'oa hata makabati mazuri ili waweke ya kwao.

Kinachokuumiza kwenye bei ni kasoro, si ukale. Mtu akifungua kabati la chini ya sinki akakuta MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) imevimba kwa maji na mende wanatimka, hapo hapo anaanza kujiuliza mabomba ya nyumba nzima yakoje, na dalali naye anapata la kusemea. Kwa hiyo ziba panapovuja, badilisha koki na ubao uliooza, kaza bawaba, jaza grauti (saruji laini ya kuziba mianya) kati ya vigae, paka rangi nyeupe, weka taa yenye mwanga. Kama jiko halina maji ya bomba wala kaunta, hapo sawa, jenga kaunta ya zege yenye vigae.

Ila hujasema kama una hati ya kumiliki ardhi. Kama unashikilia karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, hizo milioni zipeleke kwenye upimaji wa kiwanja na hati. Anayenunua kwa mkopo wa benki ataulizwa hati, hataulizwa graniti.

Na kila unachonunua dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. TRA, mamlaka ya mapato, hutoza 10% ya faida ya mauzo, na gharama za maboresho zenye ushahidi hupunguza faida hiyo.