Pampu ya umeme kwenye Land Rover ya kabureta: lini uifunge, lini uachane nayo

Gari likikuzimikia njiani, kabla hujatoa hela ya pampu ya umeme ya petroli, fungua kifuniko cha tangi usikilize. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, fyuuu, kisha gari likawaka na kwenda vizuri kwa muda, ugonjwa wako si pampu. Kifuniko hakipumui. Mafuta yanatoka, hewa haiingii kushika nafasi yake, na pampu inabaki inavutana na tangi lililobana.

Kijana mmoja wa hapa Iringa alinijia na pikapu yake ya Land Rover 109, ile ndefu, pampu mpya ya umeme ikiwa bado kwenye boksi.

"Shikamoo mzee. Naomba unielekeze namna ya kufunga hii, gari linanizimikia kila nikitoka nje ya mji."

"Marahaba. Kifuniko cha tangi ulikitoa wapi?"

Akacheka. Cha mwanzo kilipotea sheli, akaweka cha gari jingine ambacho kilikaa vizuri kabisa, ila hakikuwa na tundu la kupumulia. Pampu akairudisha dukani.

Jambo la pili la kuangalia ni kondensa ya kwenye distributa, kile kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi. Ikianza kufa, hufa ikipata joto: gari linazima, unasubiri lipoe, linawaka tena. Dalili zinafanana kabisa na za mafuta kuchemka, na watu wamebadilisha pampu mpaka kabureta kwa sababu ya kakopo kadogo kuliko kidole. Gari likizima, chomoa waya wa plagi, weka plagi nyingine kwenye waya huo, igusishe kwenye bodi mbali na harufu ya petroli, mwenzako apige stata. Cheche ikiwa nyekundu na dhaifu, au haipo, achana na habari za mafuta kwanza.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo tuongee pampu.

Nazungumzia zaidi Land Rover Series III, zile za 1971 mpaka 1985, zenye injini ya petroli ya lita 2.25 na kabureta ya Zenith, kwa sababu ndiyo ninayoendesha. Mwenye Peugeot 504 pikapu au Land Cruiser ya zamani atakuta mengi yanamhusu pia.

Pampu ya kiwandani imefungwa ubavuni mwa bloku. Kemshafti, shafti yenye vinundu inayozunguka ndani ya injini, inasukuma mkono wa chuma, mkono unavuta kiwambo cha mpira dhidi ya springi, petroli inaingia. Kemshafti ikiachia, springi ndiyo inayosukuma mafuta kwenda kwenye kabureta. Kabureta ikijaa, sindano ya boya inafunga njia, springi inabaki imebanwa, na mkono unacheza bure hadi mafuta yahitajike tena. Presha haihitaji kurekebishwa na mtu. Na injini ikizima, pampu nayo imesimama. Hilo la mwisho liweke akilini, tutalirudia kwenye nyaya.

Pampu nyingi za Land Rover hizi zina kiwenzo kidogo cha kupigia kwa mkono, ambacho vijana wengi hawajui kipo. Gari likikaa wiki kadhaa petroli ya kwenye kabureta inakauka, na mtu anaua betri kwa kupiga stata. Fungua boneti, pandisha na kushusha kiwenzo mpaka kilegee, halafu piga stata. Kisipokupa ukinzani wowote tangu mwanzo, huenda injini imesimama mahali kemshafti imeshavuta mkono, kwa hiyo zungusha injini kidogo ujaribu tena. Kama shida yako ilikuwa asubuhi tu, umeshapona bure.

Pampu ikichoka, kuna dalili moja ambayo si ya kusubiri. Chomoa kijiti cha oili, nusa. Kikinuka petroli, na oili imepanda kupita alama wakati hukuongeza, kiwambo kimepasuka na petroli inaweza kuwa inashukia kwenye oili. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi. Usiendeshe. Hapa pia si lazima uhamie kwenye umeme, maana seti ya kiwambo na valvu zake inapatikana, na ni kazi ya saa chache mezani.

Sasa kwa nini mimi nilihamia? Mlima Kitonga. Anayejua barabara ya Morogoro kuja Iringa anajua ninachosema. Unapita Ruaha Mbuyuni kwenye joto lile, umesimama kununua vitunguu, injini imezimwa ikiwa ya moto na joto lake lote linapanda juu kwenye kabureta na mabomba. Unawasha, unaanza mlima nyuma ya malori yanayotambaa, upepo hakuna. Petroli si kama maji. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Na pampu iliyo kwenye injini inafanya kazi ya kuvuta kutoka mbali. Ukivuta kimiminika unashusha presha yake, na presha ikishuka kinachemka mapema zaidi. Bomba linajaa mvuke badala ya mafuta, na kiwambo kinabaki kinapiga mvuke huo bila kuusogeza. Gari linakohoa, linakufa katikati ya kona, na lori la nyuma lina tani zake.

Pampu ya umeme iliyofungwa karibu na tangi inageuza kazi hiyo: inasukuma. Bomba lote refu linalopita kwenye joto linakuwa na presha ndani yake, na petroli yenye presha inachelewa kuchemka. Ndiyo sababu ukiifunga kwenye ukuta wa injini, kwa kuwa ni rahisi kufika, umenunua kelele tu. Wala si jambo geni kwa gari hili, kwani Land Rover 109 za silinda sita, lita 2.6, zilitoka kiwandani na pampu ya umeme ya kampuni ya SU.

Dukani ndipo watu wanapopigwa. Ukisema "pampu ya umeme ya petroli", muuza spea anaweza kukupa ya gari la injeksheni, lile lisilo na kabureta. Hiyo inatoa presha ya psi 35, 45, hata zaidi. Kabureta kama Zenith yangu inaridhika na psi 2 hadi 3. Ukiifunga ya injeksheni, sindano ya boya haiwezi kuzuia, petroli inafurika na kumwagikia kwenye manifodi ya ekzosi iliyo chini yake. Tafuta pampu ya presha ndogo, yale maboksi madogo ya mraba yanayolia tik-tik, au SU yenyewe, na usome presha iliyoandikwa. Ikizidi, weka regyuleta ya kupunguza presha, kisha hakikisha kwa geji pale kwenye kabureta. Usiamini namba zilizochorwa kwenye kitufe cha regyuleta ya bei rahisi.

Kabla ya kununua, jua ni upande gani wa betri umeungwa kwenye bodi ya gari lako, hasi au chanya. Series III ni hasi, lakini Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilikuwa chanya, na pampu yenye elektroniki ukiigeuzia waya inakufa palepale.

Kufunga kwenyewe hakuna maajabu. Chomoa betri. Fanya kazi tangi likiwa na mafuta kidogo, nje, sio kwenye shimo la gereji ambako mvuke wa petroli unatulia chini. Pampu ikae kwenye chasisi, usawa wa chini ya tangi au chini zaidi, mbali na ekzosi, juu ya vipande vya mpira ili mlio usiingie kwenye bodi. Angalia mshale wa mwelekeo. Filta iwe kabla ya pampu, maana kutu ya tangi la miaka arobaini ikiingia kwenye valvu zake, imekwisha. Na tafadhali, mpira wa mafuta uwe wa mafuta. Ule wa maji wa plastiki unaong'aa unakauka, unapasuka, na ni huohuo nimeukuta kwenye magari mengi ya wenzangu. Pale pampu ya zamani ilipotoka, weka kibati kinene na gasketi, la sivyo oili itakuchafulia injini nzima.

Kwenye nyaya ndipo sikubaliani na mafundi umeme wengi. Watakuvutia waya mmoja kutoka kwenye ufunguo hadi kwenye pampu, gari litawaka, watapokea hela yao. Sasa fikiria umepinduka, injini imezima, bomba limekatika, ufunguo bado uko "on". Pampu inaendelea kumimina petroli juu ya chuma cha moto huku wewe umebanwa ndani. Pampu ya zamani isingefanya hivyo.

Dawa ni kuufanya umeme wa pampu upitie kwenye swichi ya presha ya oili. Injini ikisimama, presha inaanguka, pampu inakatika. Usitumie swichi ya taa ya oili uliyonayo, kwa sababu ile inafanya kinyume: inafunga njia presha ikiwa haipo. Nunua yenye miguu mitatu. Mguu mmoja unapokea umeme wa stata ili pampu ifanye kazi wakati wa kuwasha, wa pili unatoka kwenye ufunguo kupitia fyuzi, wa tatu unaenda kwenye pampu. Fundi akikwambia anaweza kuunganisha tu waya wa stata na wa ufunguo pamoja, mkatalie. Umeme utarudi nyuma na stata itabaki inazunguka. Zaidi ya hapo mimi nimeweka swichi ya ajali iliyotolewa kwenye gari bovu la injeksheni, ile inayokata ikipata kishindo na ina kitufe cha kurudishia. Ifungwe wima, imara kwenye ukuta wa bodi, siyo kuning'inia kwenye waya.

Fyuzi iendane na pampu. Hizi ndogo nyingi hula ampia moja au mbili, hivyo fyuzi ya 5 inatosha. Usichukue umeme kwenye koili kama gari lako lina rezista ya koili, pampu itapata volti pungufu na wewe utailaumu bure.

Ukishawasha mara ya kwanza, pita na tochi kila kiungo kabla hujafunga boneti, na uwe na mtungi wa kuzimia moto karibu. Kisha jifunze mlio wake. Hizi za tik-tik zinapiga haraka kabureta ikiwa tupu, zikifikisha presha zinapunguza hadi mpigo mmoja mmoja. Zikipiga haraka bila kupunguza, tangi ni tupu au kuna mpira unaovuta hewa kabla ya pampu. Zikipiga haraka na unasikia harufu ya petroli, zima ufunguo kwanza, uchunguzi baadaye. Zikinyamaza, anza na fyuzi, halafu waya wa bodi pale kwenye chasisi, ambao unashika kutu kuliko kitu kingine chochote kwenye mfumo huu. Pampu ya zamani, ikiwa kiwambo chake kizima, ifunge kwenye mfuko pamoja na gasketi mpya uiweke chini ya kiti. Inarudi mahali pake kwa spana moja, bila kuhitaji waya hata mmoja.